Kuvuta Kamba: Mchezo wa Nguvu na Historia Yake, Kutoka Pwani ya Kwetu Hadi Umm Salal



Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, sisi Watanzania wa Umm Salal na vitongoji vya jirani huanza kuulizana habari za bonanza. Nani atapika pilau, nani ataleta spika, nani ana mpira. Ratiba yenyewe tunaijua. Watoto watakimbia na magunia, wengine watabeba ndimu kwenye kijiko, wasichana watacheza rede, na kina baba watacheza mpira robo saa kisha watakaa chini wakihema. Lakini mchezo unaowainua watu wote kwenye mikeka ni kuvuta kamba. Hapo hata mama mwenye mtoto mgongoni husogea kushangilia.

Nilipoombwa kuandika jambo la historia kwa ajili ya jarida hili, nilichagua kamba kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni muuguzi. Shahada yangu niliipata India, mbali na nyumbani, na kazi yangu ya kila siku inanikutanisha na migongo, mabega na viganja vya watu. Pili, watoto wetu waliozaliwa au kukulia hapa Qatar wanadhani mambo mawili ambayo si kweli. Wanadhani anayeshinda kamba ni mwenye misuli mikubwa. Tena wanadhani sisi watu wa Afrika Mashariki tumefika katika nchi hizi juzi, kwa ndege, na mikataba ya kazi mkononi. Historia ya kamba inayajibu yote mawili.

Kamba ilianza kazini

Kabla ya kuwa mchezo, kuvuta kamba ilikuwa kazi. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, chombo kikishamalizika kuundwa hakishuki baharini chenyewe. Watu huitwa kuja kukishua. Magogo hulazwa chini, kamba hufungwa, na kila mwenye mikono hupata pa kushika. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na katika neno fulani la kiitikio ndipo wote huvuta kwa mara moja. Baada ya hapo hupumua kidogo huku mwimbaji akiendelea, kisha neno lile hurudi. Wimbo ule si wa burudani peke yake. Ndio unaowaambia watu arobaini wasioonana nyuso kwamba sasa ni wakati wa kuvuta.

Baharini ilikuwa hivyo hivyo. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu na mzito usioweza kuinuliwa na mabaharia wawili au watatu. Huinuliwa kwa kamba iitwayo henza, na mabaharia huivuta kwa pamoja hadi foromali ifike juu ya mlingoti. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Wakuwait kilichoteremka kwa upepo wa kaskazi kutoka Aden hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha kikarudi Ghuba kwa kusi. Katika kitabu chake *Sons of Sinbad*, kilichotoka mwaka 1940, ameeleza jinsi mabaharia wale walivyoimba kila walipokamata kamba. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na sauti zao na nguvu zilizopangwa.

Kamba zenyewe zilitoka kwenye mnazi. Wanawake wa Unguja na Pemba huzika makumbi ya nazi katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa, huyafukua yakiwa yamelainika, huyaponda, kisha huzisokota nyuzi zake kuwa kamba. Mitepe, vile vyombo vya kale vya visiwa vya Lamu, ilishonwa kwa kamba za namna hiyo, ubao kwa ubao. Kwa hiyo mtoto akiuliza kamba ni kitu gani kwetu, mwambie kwamba kulikuwa na wakati chombo kizima kilisimama kwa kamba.

Katika kazi za namna hii ndiko lilikosikika neno "harambee", mwito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo kwa pamoja. Tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata serikali ya madaraka, Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa, na leo limeandikwa kwenye nembo ya nchi hiyo. Nembo ya Tanzania ina maneno "Uhuru na Umoja". Majirani zetu walichukua sauti ya kamba ikawa neno la taifa zima, na sisi tukaandika lile jambo ambalo kamba haiwezi kwenda bila hilo.

Kamba za Ghuba na mikono ya kwetu

Sasa tuje hapa tulipo. Wengi wetu tumewapeleka watoto kuiona minara ya Barzan, hapa hapa Umm Salal Mohammed. Minara hiyo ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kukarabatiwa mwaka 1910, wakati wa Sheikh Mohammed bin Jassim Al Thani. Walinzi waliokaa juu yake waliangalia maji ya mvua yanayokusanyika bondeni, waliangalia mwezi, na waliangalia bahari kuona vyombo vinavyokuja. Vingi vya vyombo hivyo vilikuwa vya lulu.

Kabla ya mafuta na gesi, Qatar iliishi kwa lulu. Kila majira ya joto vyombo vilitoka kwa miezi kadhaa. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni ili azame haraka, akashuka na kikapu shingoni. Juu yake, ndani ya chombo, alisimama mtu aliyeitwa *saib*. Kazi ya saib ilikuwa kushika kamba. Mzamiaji alipoishiwa pumzi aliivuta kidogo, na hapo saib alitakiwa amtoe chini mara moja. Akichelewa au akizubaa, mwenzake anakufa maji. Siku nzima, mbizi baada ya mbizi, maisha ya mtu mmoja yalikuwa katika viganja vya mwingine. Na ndani ya chombo alikuwamo *naham*, mwimbaji, aliyewaongoza watu kuvuta kamba, kupiga makasia na kutweka tanga, kama vile mwimbaji wa kwetu anavyoongoza kushua.

Miongoni mwa waliozamia na waliovuta kamba walikuwemo watu wa Afrika Mashariki na uzao wao. Wengi wao hawakuja kwa hiari. Waliuzwa, wakavushwa bahari, na walichokipata kwa kuzamia au kuvuta kilichukuliwa na aliyewamiliki. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, yaani miaka tisa tu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Nchi yenyewe haikuificha habari hii. Pale Msheireb, katikati ya Doha, ipo Nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2015, na humo historia ya utumwa katika Bahari ya Hindi na katika Ghuba imeelezwa wazi, pamoja na wale walioletwa kutoka upande wetu. Nawaomba wazazi wawapeleke watoto wakubwa. Si mahali pa kwenda kucheka, lakini ni mahali pa kwenda.

Kipo na kitu kingine kilichotoka kwetu. Nyumba za zamani za hapa zilifunikwa kwa miti myembamba iliyonyooka, ambayo wenyeji huiita danshal. Ukiitazama utaijua. Mingi yake ni boriti za mikoko, zilizokatwa Lamu na Rufiji, zikapakiwa kwenye majahazi na kuletwa kwa upepo wa kusi. Chombo alichopanda Villiers kilipakia boriti hizo Rufiji. Kwa hiyo mtoto wako akiambiwa shuleni kwamba Waafrika wamekuja Ghuba kwa sababu ya gesi, anaweza kusema kwa adabu kwamba kabla ya gesi walikuwepo watu wa kwetu waliovuta kamba zilizotoa lulu, na miti ya kwetu iliyobeba paa.

Katani, kamba yetu wenyewe

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 ndipo yalipotoka mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, katani ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa mauzo ya nje, na katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kamba zilizofunga meli na mizigo katika bandari nyingi za dunia zilitoka kwenye mkonge wa kwetu.

Waliokata mkonge ule waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata nje ya mipaka ya nchi, wakaishi kambini kwa mkataba, wakatuma senti nyumbani, wakawaahidi wake zao kwamba wanarudi mwakani. Sidhani kama kuna msomaji wa jarida hili anayehitaji kuelezwa maisha hayo zaidi. Babu wa wengi wetu walikuwa wahamiaji wa kazi ndani ya nchi yao kabla sisi hatujawa wahamiaji wa kazi nje yake.

Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki. Zilikuwa rahisi na hazikuoza, na bei ya katani ikaanguka. Naomba mkumbuke habari hii ya nailoni, kwa maana tutairudia.

Kutoka kazi hadi mchezo

Kuvuta kamba kwa kushindana ni jambo la kale katika mataifa mengi. Mwaka 2015 UNESCO iliorodhesha michezo na mila za kuvuta kamba za Korea Kusini, Vietnam, Kambodia na Ufilipino kuwa urithi wa binadamu. Huko wakulima wa mpunga huvuta kamba kuomba mavuno mema. Mchezo tunaoucheza sisi, wa timu mbili na mstari katikati, ulienezwa sana na jeshi la Uingereza na wanamaji wake, waliokuwa nao kila mahali walikotawala. Ndivyo ulivyoingia katika siku za michezo za majeshi, za polisi na za shule za kikoloni.

Mchezo huu ulikuwa hata kwenye Olimpiki, kuanzia Paris mwaka 1900 hadi Antwerp mwaka 1920. Kisa kinachonifurahisha ni cha London mwaka 1908. Medali zote tatu zilichukuliwa na polisi wa Uingereza. Polisi wa Jiji la London walipata dhahabu, wa Liverpool fedha, na kikosi cha polisi wa London kuu shaba. Wamarekani walileta wanamichezo wenye miili mikubwa, na Liverpool wakawavuta kwa muda mfupi sana. Wamarekani wakalalamika kwamba polisi wale walivaa mabuti mazito, kisha wakajitoa mashindanoni. Tusibishane nao kuhusu mabuti. Lakini wale polisi walikuwa wamezoea kuvuta pamoja kama timu, na Wamarekani walikuwa watu wenye nguvu waliokusanywa.

Baada ya 1920 kamba ilitolewa kwenye Olimpiki. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwaka 1960 na linaendelea kusimamia mashindano. Timu ni watu wanane, na timu hupangwa kwa jumla ya uzito, kwa mfano kilo 640 kwa watu wote wanane. Timu inayowasogeza wenzao mita nne ndiyo imeshinda, na mshindi wa mizunguko miwili kati ya mitatu ndiye bingwa.

Nyumbani Tanzania mchezo huu uko hai kuliko nchi nyingi. Michezo ya Mei Mosi, ya SHIMIWI ya watumishi wa wizara na mikoa, na ya SHIMUTA ya mashirika na taasisi yote ina kamba, wanaume na wanawake. Makarani, madereva, wahasibu na wahudumu huacha ofisi zao wakaenda kuvutana kwa siku kadhaa, na redio hutangaza matokeo. Kina mama wanaovuta huko hawavuti kwa mzaha. Nasema hivi kwa sababu bado wapo wanaodhani zamu ya wanawake ni ya kuchekesha watu.

Watoto wetu wanaijua pia ile mashine ya nyundo kwenye viwanja vya burudani vya majira ya baridi, ambayo ukiipiga kwa nguvu kitu hupanda na kengele ikalia. Hata ile siri yake si misuli. Anayeshinda ni anayelenga katikati ya kitako, nyundo ikatua bapa, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Lakini nyundo ni ya mtu mmoja. Kamba inataka watu wanane wawe mwili mmoja, na ndiyo maana inafaa kwa siku ya taifa.

Namna ya kushinda

Nitaanza na swali la darasani. Timu mbili zikivutana, kamba inawavuta wote kwa nguvu ile ile, hawa na wale. Sasa mshindi anapatikanaje? Jibu liko chini ya miguu. Anayeshinda ni yule anayeisukuma ardhi zaidi bila kuteleza. Mweke mtu mwenye misuli ya kutisha kwenye vigae vyenye maji, na kijana mwembamba mwenye raba nzuri kwenye nyasi. Yule wa vigae atakwenda mwenyewe. Kwa hiyo:

Miguu. Vaeni viatu vyenye soli inayong'ata, vilivyofungwa gidamu vizuri. Kandambili na makobazi yakae pembeni. Simameni miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, visigino vikizama kwenye nyasi au mchanga. Piga hatua fupi sana za kurudi nyuma, mguu mmoja baada ya mwingine. Hatua ndefu inakuacha na mguu mmoja chini, na wenzenu wa upande wa pili wanaisubiri nafasi hiyo.

Mwili. Laleni nyuma, mwili ukiwa umenyooka kutoka kisigino hadi bega kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Makalio yasining'inie nyuma. Nguvu itoke mapajani na miguuni, ambako ndiko kuna misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Anayevuta kwa mikono na kiuno huchoka ndani ya dakika moja, kisha hunitafuta mimi Jumatatu akiomba dawa ya mgongo.

Mikono. Shikeni kamba viganja vikiwa vinatazama juu, mikono ikiwa karibu kunyooka, kamba ikipita kati ya mwili na mkono wa juu. Mikono kazi yake ni kushika, kama kulabu. Wote wakae upande mmoja wa kamba au wapokezane kulia na kushoto kwa mpango, ili kamba isiyumbe. Kamba ikiyumba, nusu ya nguvu inapotelea pembeni.

Mtu wa mwisho. Huyu apewe mtu mzito na mtulivu. Kamba hupita chini ya kwapa lake, ikakata mgongo kimshazari, ikatokea juu ya bega la pili. Haifungwi fundo, wala haizungushwi kiunoni. Lazima aweze kuiachia wakati wowote.

Pumzi na sauti. Hapa ndipo mechi zinaposhindwa na kupotea. Teueni mtu mmoja wa kupiga mwito, asimame pembeni anapoweza kuwaona wote wanane na wapinzani pia. Mwanzoni msikurupuke. Shikilieni tu, miguu imezama, mkipumua. Timu isiyojua huvuta kwa pupa sekunde kumi za kwanza, kila mtu kwa wakati wake, halafu inaanza kuhema. Mpiga mwito akiona mabega yao yameshuka, au mmoja wao anahamisha mguu, ndipo atoe sauti, na wote wavute katika neno moja. Kisha mshikilie tena mlichopata. Vuta, shikilia, vuta, shikilia. Wazee wetu walioshua majahazi na mabaharia wa henza wangeutambua mpango huu bila kufundishwa.

Mkiwa na jioni tatu za mazoezi kabla ya siku yenyewe, fungeni kamba kwenye mti imara na mjifunze kuvuta kwa mwito mmoja. Watu wanane wa kawaida waliofanya hivyo mara tatu watawashinda wanane wenye nguvu waliokutana asubuhi ile.

Maneno ya muuguzi

Mchezo huu unaonekana salama kwa sababu hakuna anayempiga mwenzake. Lakini tarehe 13 Juni 1978, huko Harrisburg, Marekani, wanafunzi zaidi ya 2,000 walijaribu kuweka rekodi kwa kamba ya nailoni. Ikakatika. Makumi waliumia, na wapo waliopoteza vidole. Tarehe 25 Oktoba 1997, huko Taipei, watu zaidi ya 1,600 walivuta kamba moja ya nailoni kwenye sikukuu. Ikakatika, na wanaume wawili wakakatwa mikono papo hapo. Madaktari walifanikiwa kuiunganisha tena, lakini si kila mji una madaktari wa kufanya hivyo, na si kila mkono unaungika.

Nailoni hunyumbuka. Ikivutwa huweka nguvu ndani yake kama manati, na ikikatika huirudisha yote kwa waliosimama karibu. Kwa hiyo kamba yetu iwe ya katani au ya nyuzi nyingine za mimea, nene kiasi cha kujaza kiganja, isiyo na kiungo wala sehemu iliyochakaa. Ikaguliwe yote kwa mkono siku moja kabla. Kamba ya kufungia mizigo kwenye gari isiletwe uwanjani. Na idadi isiongezwe kwa sababu watu wana furaha. Wanane kwa wanane.

Pia:

Asiwepo wa kuzungusha kamba kwenye kiganja, kifundo cha mkono au kiuno. Vidole vingi vinavyopotea katika mchezo huu hupotea kwa sababu hiyo. Pete na saa zivuliwe, mpeni shangazi atunze.

Msibane pumzi. Kubana pumzi huku unavuta hupandisha presha ghafla. Mwenye presha isiyotulia, mwenye maradhi ya moyo, mama mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na mwenye tatizo la pingili za mgongo, wote hawa wapewe kazi ya kupiga mwito au kushangilia. Si aibu. Naham hakuwa anazamia, na chombo hakikutoka bila yeye.

Pasheni mwili moto kwa dakika kumi. Desemba hapa ni baridi nzuri, na mwili uliokaa kwenye mkeka tangu asubuhi hauko tayari.

Mechi ichezwe kwenye nyasi au mchanga, kamwe isiwe kwenye lami au vigae. Ikisemwa "acha", timu zote mbili ziachie taratibu. Mchezo wa kuachia kamba ghafla ili wenzenu waanguke huwavunja watu viwiko na vifundo vya mikono.

Watoto wavute na watoto wa umri wao, na mtu mzima asiingie katikati "kuwasaidia".

Ombi langu kwa kamati ya michezo

Miaka yote tumezoea kupanga timu kwa makundi. Mara Bara na Visiwani, mara wenye familia na wanaoishi kambini, mara mkoa huu na ule. Furaha yake ipo. Lakini nawaombeni mwaka huu tujaribu kupanga kama wanavyopanga wenye mchezo wao, yaani kwa uzito. Tuweke mizani pale mlangoni, kila anayetaka kuvuta apande, na timu zigawanywe ili jumla ya kilo ilingane. Mizani haijui mshahara wa mtu wala viza yake. Dereva wa lori atajikuta nyuma ya mhandisi, dada anayefanya kazi za ndani mbele ya mwalimu, mlinzi wa usiku pamoja na muuguzi. Watalazimika kusikilizana mwito mmoja, maana bila hivyo watavutwa.

Na kabla ya kamba kushikwa, mzee mmoja asimame dakika tano tu awaeleze watoto. Awaambie kwamba katika maji haya ya Ghuba walikuwepo watu wa kwetu walioshika kamba kwa amri ya wengine, na kwamba kule Tanga walikuwepo wengine walioitwa kwa namba. Awaambie kwamba tarehe 9 Desemba 1961 ndiyo siku ambayo watu wetu walianza kuchagua wenyewe kamba ipi waishike na nani wavute naye. Halafu wavute, washinde au washindwe, wapeane mikono, waende kwenye pilau.

Kwa wazazi wote, kwa vijana wetu, na kwa ndugu ambao zamu zao hazitawaruhusu kufika uwanjani siku hiyo, nawatakia sikukuu njema. Mungu ibariki Tanzania, na Mungu ailinde nchi hii inayotuhifadhi.